Mama Mkwe Apinga Hukumu

Msusi wetu tulimwita Vidole. Jina lake la kuzaliwa lipo, ila ukilitaja mtaani watu watakuuliza unamtafuta nani. Alikuwa na vidole vyembamba, vyepesi, visivyochoka. Unakaa kwenye kiti chake asubuhi na kichwa kama kichaka, unainuka kabla jua halijawa kali ukiwa mtu mwingine kabisa. Saluni yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la barabarani, viti vitatu vya kuzunguka, kimoja kikiwa kimeshagoma kuzunguka, kioo kirefu chenye ufa pembeni, beseni la kuoshea nywele, na benchi la wanaosubiri. Kwenye benchi lile ndiko habari zote za mtaa zilikopikwa, zikaiva, zikapakuliwa.

Mimi ni fundi cherehani wa mlango wa pili. Ya saluni niliyaona kwa macho yangu. Ya nyumbani kwake alinisimulia mwenyewe, na mama mkwe wake akaongeza chumvi pale alipoona haijakolea.

Maana mama mkwe yupo, na bila yeye nisingekuwa na la kusimulia. Alikuwa mkunga mstaafu, mrefu, mwenye mgongo ulionyooka na maneno machache. Alihamia kwa mwanawe baada ya kufanyiwa upasuaji wa macho. Jicho moja lilikuwa chini ya bandeji, la pili likingoja zamu yake. Mwanawe huyo, mume wa Vidole, ni dereva wa malori ya masafa marefu. Akilala nyumbani siku mbili, mwezi mzima uliobaki yuko njiani. Basi ndani ya nyumba wakabaki wanawake wawili na ukimya wao.

Si kwamba waligombana. Wangegombana ingekuwa afadhali.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Chai iko tayari."

"Haya."

Baada ya hapo kila mtu na lake mpaka jioni. Vidole alikuja kibandani kwangu siku moja, akajitupa kwenye marobota ya vitambaa. "Shoga yangu," akaniambia, "nimechoka. Naishi kama niko kwenye ofisi ya mkubwa. Hata kikohozi nakikohoa kwa adabu."

Hivyo ndivyo hali ilivyokuwa pale kitabu kilipoingia.

Kililetwa na mwalimu wa sekondari, mteja wa siku nyingi, aliyekuja kutiwa dawa ya kulainisha nywele. Kilikuwa riwaya ya mahakamani, kinaitwa *Kizimba Kitupu*. Miezi ile ulikuwa huwezi kukikwepa. Ungekiona kwenye foleni ya zahanati, kwenye mikoba ya wanawake wanaotoka kazini, chini ya kaunta ya duka la dawa. Na kila aliyekimaliza alikuwa hawezi kunyamaza. Alitafuta mtu wa kubishana naye kama mwenye njaa anavyotafuta chakula.

"Soma kurasa mbili tu," mwalimu akamwambia Vidole. "Usipopenda nirudishie."

Vidole hakuwa msomaji. Mara ya mwisho kushika kitabu cha hadithi alikuwa bado anavaa sare ya shule. Akampaka mwalimu dawa, akavua glavu, akakaa pembeni kusubiri dawa ifanye kazi, na kwa kukosa la kufanya akafungua ukurasa wa kwanza.

"Vidole," mwalimu akaita baada ya muda.

Vidole akafungua ukurasa mwingine.

"Vidole, kichwa kinawasha."

"Mm."

"Vidole! Naungua, jamani! Naungua!"

Mwalimu alikimbilia beseni mwenyewe, akatia kichwa chini ya bomba. Vidole alimfuata akiomba radhi, kitabu bado kikiwa kwapani. Bahati nzuri hakuna lililoharibika zaidi ya wekundu kidogo nyuma ya sikio. Na mwalimu, huku maji yakimchuruzika mpaka shingoni, alikuwa anacheka. "Umefika wapi?" akauliza. "Dereva ameshakamatwa?"

Nikuelezee hicho kitabu kwa ufupi, maana ndicho kilichotutoa jasho. Tajiri mwenye ghala anakutwa amekufa ofisini kwake. Dereva wake anakamatwa. Anatetewa na wakili kijana, mwanamke, na katikati ya kesi wakili anagundua kwamba aliyeua ni dada yake mwenyewe, dada aliyemlea tangu mama yao afariki. Tajiri alikuwa akimtesa huyo dada kwa muda mrefu, na siku ile alizidiwa. Sasa wakili afanye nini? Akisema, dada yake anakwenda na maji. Akinyamaza, dereva asiye na kosa ndiye atakayekwenda. Anatafuta njia ya tatu. Kulikuwa na mlinzi wa ghala aliyefariki kwa maradhi kabla kesi haijaanza kusikilizwa. Wakili anamsukumia yeye: mlinzi alikuwa na funguo, mlinzi alikuwa na kinyongo, mlinzi alionekana pale. Jaji anaingiwa na mashaka, dereva anaachiwa huru, dada yuko salama, mahakama inalipuka kwa vigelegele. Na kwenye benchi la nyuma anabaki mjane wa mlinzi, mkoba mapajani, hata hajui ainuke aende wapi.

Vidole alikipeleka nyumbani. Jioni ile alisoma huku akipika, mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine umeshika kitabu, mpaka harufu ikafika sebuleni.

"Kitabu gani hicho kinachokufanya uunguze sufuria?" mama mkwe akauliza kutoka kwenye kochi lake.

Vidole aliruka. Akaanza kujitetea, kwamba ni hadithi tu, ni mambo ya mahakamani, samahani mama, chakula kingine hakikuungua.

"Sijakuuliza chakula. Macho yangu yamefungwa, masikio hayajafungwa. Soma kwa sauti."

Akasoma. Mwanzoni alisoma kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, anajikwaa, anameza maneno. Lakini mambo yalivyozidi kupamba moto akajisahau. Jaji akampa sauti nzito ya tumboni, mpelelezi akampa sauti ya puani, dereva akamlilisha. Alipofika pale shahidi wa kwanza anapoapa kwamba alimwona dereva akikimbia, mama mkwe akapiga mkono wa kochi.

"Muongo huyo!"

"Umejuaje, mama?"

"Nimekaa na wanawake wenye uchungu wa uzazi maisha yangu yote. Anayesema kweli anasema, basi. Huyu anapamba. Mara shati la bluu, mara mwezi ulikuwa unang'aa. Nani alimuuliza mwezi? Endelea."

Kuanzia hapo hapakukalika. Asubuhi Vidole alikuwa anakuta mama mkwe ameshaoga, ameshakaa, ameelekeza sikio mlangoni. "Leo umechelewa," anaambiwa, na jua hata halijachomoza vizuri. Jioni alianza kufunga saluni mapema, wateja tukalalamika, akatujibu kwamba ana mgonjwa nyumbani. Mgonjwa! Mgonjwa mwenyewe alikuwa anamsubiri na swali: "Ile simu aliyoikuta wakili chini ya kitanda cha dada yake, unadhani aliificha nani?"

Walikimaliza Jumamosi moja alasiri. Vidole alisoma hukumu akiwa amesimama katikati ya sebule. Alipofika kwenye "mshtakiwa yuko huru" akarusha kitambaa cha kichwa juu. "Ameshinda! Mama, ameshinda! Yule mwanamke ni kiboko!"

Mama mkwe aligeuzia uso ukutani.

"Mama? Hukufurahi?"

"Ameshinda nini?"

"Ameokoa watu wawili!"

"Kwa kumzika mtu mara ya pili."

"Lakini mama, angefanyaje? Dada yake wa tumbo moja!"

"Na yule mlinzi hakuwa na tumbo alilotoka?"

Hapo ndipo moto ulipowaka. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, Vidole alimkatalia mama mkwe wake usoni, na mama mkwe akamjibu, na Vidole akajibu jibu, na sauti zikapanda mpaka jirani wa upande wa pili akaja kubisha hodi kuuliza kama kuna usalama. Alimkuta mama mkwe amesimama na bandeji yake, kidole juu, akisema, "Hana aibu! Wakili huyo hana hata chembe ya aibu!" Jirani akauliza, ni wakili gani huyo, mnadaiwa kiwanja? Ilibidi wote wakae, jirani aelezwe kisa kizima.

Usiku ule Vidole alilala kwa wasiwasi. Amemfokea mama wa mumewe. Asubuhi alipotoka chumbani, kichwa chini, akiwa tayari kupiga magoti, mama mkwe alikuwa ameshajiandaa, mikono mapajani.

"Nimefikiria," akasema. "Huna hoja. Kaa hapo nikueleze, mwanangu."

Mwanangu. Vidole aliniambia alitamani kulia na kucheka pamoja. Badala yake akavuta kigoda na kuanza kubishana.

Juma lile mama mkwe akaanza kuja saluni. Alishikwa mkono mpaka kwenye benchi, akakaa katikati, na benchi likagawanyika kama limepigwa msumeno. Walioko kushoto kwake walisema wakili ana hatia. Walioko kulia walisema wakili ni shujaa. Muuza dawa alisema kosa ni la mpelelezi aliyekuwa mvivu. Fundi viatu, mwanamume pekee aliyethubutu kuchungulia dirishani, alikuwa na maoni mengi kuliko wote.

"Wewe umekisoma?" mama mkwe akamuuliza.

"Sijakisoma, mama. Lakini na kelele zenu hizi, nimekisoma kwa masikio mara tatu."

Hata mimi niliyejiona mtu wa makamo niliyetulia, nilimshonea mteja mkono wa gauni ndani nje kwa sababu ya kusikiliza ubishi kupitia ukutani. Ndipo mwalimu akatoa wazo. Jumapili alasiri saluni imefungwa. Kwa nini tusimshtaki wakili kihalali? Yeye atakuwa jaji. Vidole atamtetea. Na upande wa mashtaka?

Hatukuhitaji kupiga kura. Sote tuligeuka kumtazama mama mkwe.

Jumapili ile chumba kilijaa mpaka watu wakakaa juu ya ndoo. Kile kiti kilichogoma kuzunguka kilifanywa kizimba, na juu yake tukaweka kitabu chenyewe. Mwalimu alijitanda shuka jeusi la kunyolea, akagonga meza kwa mpini wa chanuo. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini Vidole alipoinuka tukanyamaza, maana alikuwa hatanii. Alikuwa amevaa gauni lake la harusi za watu, nywele amezibana nyuma.

"Mheshimiwa jaji," akaanza, "mteja wangu alikuwa na milango miwili, na kila mlango nyuma yake kuna mtu anakufa. Dereva hana kosa. Dada amepigwa, amedhalilishwa, amefika mwisho. Nani kati yenu angemtoa dada yake? Wewe? Wewe?" Alikuwa anazunguka, anatutazama machoni. "Akatafuta mtu ambaye hakuna linaloweza kumdhuru tena. Mlinzi ameshakufa. Hafungwi. Haumwi. Hasikii. Amepoteza nini?"

Upande wa kulia ukalipuka kwa makofi. Fundi viatu akapiga mluzi dirishani. Mimi mwenyewe, nakiri, nilipiga kigelegele.

Mama mkwe aliinuka taratibu. Bandeji ilikuwa imeshatolewa, amevaa miwani myeusi. Alisubiri mpaka tukamaliza.

"Mume wangu alikuwa mtunza stoo kiwandani," akasema. "Stoo iliwaka moto. Yeye alitoka, kisha akarudi ndani kumtoa mwenzake. Mwenzake alitoka. Yeye hakutoka."

"Wakaunda tume ya uchunguzi. Wale waliokuwa hai walikuwa na kazi za kulinda. Mmoja akasema, labda ni sigara ya marehemu. Wa pili akasema, ndiyo, alikuwa anavuta. Wa tatu naye akaitikia. Mume wangu hakuwahi kuweka sigara mdomoni maisha yake yote. Moshi wa jiko tu ulikuwa unamkohoza. Nilikuwa nimekaa pale, kwenye benchi la nyuma. Bwana mmoja mwenye roho nzuri akaniinamia, akaniambia, mama usiumie, yeye hayupo, hasikii." Aligeuza uso kuelekea sauti ya Vidole ilikotoka. "Mimi nilikuwepo. Nilisikia. Mwanangu alisikia. Shuleni walimwita Mtoto wa Kiberiti mpaka akahamishwa shule."

Akakaa.

Vidole alikuwa ameganda katikati ya chumba. Miaka yote ya ndoa, mumewe alimwambia maneno mawili tu: baba alifia kazini. Alimtazama mama mkwe, machozi yakimtiririka, akaanza kurudi kwenye kiti chake.

"Unakwenda wapi?" mama mkwe akauliza.

"Mama, mimi siwezi tena…"

"Usikae. Una mteja. Jibu hoja."

Nimewahi kuona harusi, nimewahi kuona fainali za mpira, sijaona moyo wangu ukienda mbio kama pale. Vidole akajifuta uso kwa kiganja. Akasimama wima.

"Mheshimiwa jaji, niliposema mlinzi hapotezi kitu, nilikosea. Nalifuta neno hilo mbele ya wote." Akamgeukia mama mkwe. "Mteja wangu amemuumiza mjane yule, na hakuwa na haki. Lakini naomba kumuuliza mwendesha mashtaka swali moja tu. Mama, yule aliyekulea ungemtoa?"

Mama mkwe alitikisa kichwa polepole, na hatukujua ni kukataa au ni kusikitika.

Mwalimu akaita kura. Wanaosema wakili ana hatia wanyooshe mikono. Mikono ikainuka kila kona, hata ya kulia, hata wa fundi viatu ukapenya kati ya nondo za dirisha. Wangu pia ulikuwa juu. Vidole naye, mtetezi mwenyewe, akainua wa kwake, na watu wakashangilia. Ndipo muuza dawa akapiga kelele: "Jamani! Mwendesha mashtaka hajanyoosha!"

Kweli. Mama mkwe alikuwa amekaa, mikono mapajani.

"Mama, ni kesi yako hii!" mwalimu akasema. "Umeshinda!"

"Nimesema ana kosa," mama mkwe akajibu. "Sijasema mimi nisingefanya. Na mimi nina dada."

Chumba kikavurugika. Waliokuwa wamenyoosha wakashusha, walioshusha wakanyoosha tena. Jaji akagonga meza mpaka chanuo likavunjika. Mwishowe akamuomba mama mkwe atoe adhabu anayoona inafaa, ili watu waweze kwenda makwao.

"Aende kwa yule mjane," akasema. "Abishe hodi, akae naye, amwambie kweli yote. Hata kama watabaki nayo wao wawili tu. Baada ya hapo mjane ndiye aamue."

"Rufaa!" fundi viatu akaita kutoka nje. Tukacheka kwa kelele, wengine tukijifuta macho.

Wakatoka saluni wameshikana mikono, mkwe na mama mkwe. Niliwaona wakienda taratibu kandokando ya barabara, na kila baada ya hatua chache mama mkwe anasimama ili aongee vizuri. Vidole aliniambia kwamba njia nzima alikuwa anahadithiwa habari za baba mkwe wake: mwanamume mfupi, mcheshi, aliyependa kuvaa kofia hata ndani ya nyumba, aliyekuja kumchumbia akiwa amekosea nyumba. Walipofika hawakuingia ndani. Walikaa barazani mpaka giza likawakuta.

Mume aliporudi kutoka safari alikaribia kurudi nje, akidhani amekosea mlango. Mkewe na mamaye walikuwa jikoni wakiongea kwa pamoja, hakuna anayemsikiliza mwenzake, wote wamefurahi. Hakuna aliyempokea begi. Alipotaka kujua kuna nini, mamaye akamkabidhi kitabu. "Usiniulize. Soma kwanza."

Akaondoka nacho kwenye lori.

Simu ilikuja wiki iliyofuata, mchana, lori likiwa kwenye foleni ndefu ya mizani. Vidole alikuwa na kichwa cha mtu mkononi, nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Alisikiliza kidogo, akamtazama mama mkwe aliyekuwa kwenye benchi. "Anakutaka wewe, mama."

Mama mkwe alitoka nje na simu, akasimama chini ya upenu. Wao kupitia dirishani, mimi kutoka kwenye cherehani yangu, tulimwona akisikiliza, mkono kifuani. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akaanza kuongea, akaongea sana, na katikati ya maneno akacheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyekuwa msichana zamani. Hatukuwahi kumsikia akicheka hivyo. Vidole aliacha kusuka kabisa, na mwenye kichwa hakulalamika.

Aliporudi ndani, machozi yalikuwa yamempita chini ya miwani.

"Vipi, mama?" Vidole akauliza kwa upole. "Anasemaje?"

"Amenikumbusha nyimbo za baba yake. Alikuwa anaimba vibaya, jamani, mpaka mbwa wanaondoka." Akajifuta, akakaa, akaweka mkoba sawa. "Kisha anasema sote tumepotea njia. Anasema wa kushtakiwa ni yule tajiri, na kwamba mwandishi amemwacha afe kirahisi mno."

Hapo benchi zima likainuka kwa pamoja, kila mtu na lake mdomoni, na mimi nikatupa mkasi juu ya cherehani nikakimbilia mlango wa pili nisipitwe.